Zamu ya Banda la Nguruwe

Saa moja asubuhi, Jamhuri, lango la maonyesho bado limefungwa,
nami nimekwisha kuwapima ishirini na watatu.
Kipimajoto hakiingii mdomoni, nguruwe hana subira hiyo,
kwa hiyo salamu yangu ya kwanza kwao kila siku
ni ile ambayo binadamu angenishtakia.
Thelathini na nane na nukta saba. Thelathini na tisa. Safi.
Naandika kwa penseli,
maana wino na maji ya dawa havipatani.

Kisha lango linafunguka, Nairobi inaingia
na watoto mabegani, na vumbi la Barabara ya Ngong,
na soseji mkononi, mbele ya nguruwe, jamani!
"Bwana, imalizie kule nje."
"Kwani wataudhika?" Wenzake wanacheka.
Nami nacheka. Ila mlangoni sibanduki.

Mtoto anaangusha chupa ya maziwa kwenye maranda.
Mama anaifuta kwa leso, anairudisha kinywani,
nami naidaka katikati ya safari.
"Ichemshe kwanza, mama."
Ananitazama kama niliyemtukana mwanawe.

Sina muda wa kueleza, foleni ni ndefu.
Ningekuwa nao ningesema:
mafua ya kwao na mafua ya kwetu
yakikutana ndani ya pafu moja
hubadilishana makoti kama wanunuzi wa Gikomba,
na atokaye pale amevaa vazi jipya
ambalo askari wa damu yetu hawajawahi kuliona,
wanampisha, wanampigia saluti.
Wahenga walituachia ufa na ukuta.
Ufa wetu sisi ni wa unyevu, una joto,
una matundu mawili, na unanusa viatu vyako.

Saa nne akaja Wambaire wa Ruthimitu,
miaka kumi na mmoja, soksi zimevutwa hadi magotini,
mwenye Sajini, jike la kilo mia na nne
alilolilea kwa pumba na maganda ya viazi
tangu likiwa la kubebwa kwenye kikapu.
Macho yake mekundu. Akakoholea kiwikoni,
vile vile nilivyowafundisha shuleni kwao mwezi wa nane.
Kiganja changu kilifika kwenye paji lake
kabla sijakumbuka kuwa mimi ni wa mifugo.

"Leo huingii."
"Sajini ni mgonjwa?"
"Hapana. Sajini ni mzima.
Ndiyo sababu."

Alinyamaza. Sijui kama alielewa
au alikuwa anameza kitu.
Hakuna aliyewahi kumwambia
kwamba naye anaweza kuwa hatari kwa mnyama.
Nikampa barakoa, nikamwonyesha kamba ya manjano,
hatua kumi kutoka uwanjani. Alizihesabu mwenyewe.

Binamu yake Kibathi akaingia na fimbo.
Sajini akakataa kutembea.
Akasimama mbele ya mwamuzi kama gunia la mahindi,
pua juu, akichuja harufu zote za umati:
mahindi ya kuchoma, dizeli, manukato, kinyesi cha ng'ombe.
Nyuma ya kamba, mluzi ulijaribu kupita kwenye kitambaa,
ukafa. Wambaire akapiga makofi mawili.
Sikio moja, lile lenye pengo, likageuka.

Nafasi ya tano kati ya sita.

Jioni nilisugua buti kwa brashi, nikanawa mikono
kwa sabuni ya mche hadi vidole vikakunjamana,
nikatundika utepe wa kijani msumarini,
mahali ambapo Sajini hawezi kuula.

Asubuhi, salamu ile ile.
Thelathini na nane na nukta tisa.
Kabla sijaandika nikapiga simu Ruthimitu.
Kikohozi kwanza. Kirefu.
Kisha sauti yake, kavu kama maganda,
haikuuliza utepe, wala mwamuzi:
"Amekula?"